Sufuri ya Bi Rudia

Wasikilizaji wapendwa, popote ulipoiweka redio yako, juu ya kabati au dirishani, iongeze sauti kidogo. Leo tunamkumbuka mwalimu. Alifundisha uandishi wa insha kwa miaka thelathini na mmoja, katika shule moja, na karibu miaka yote hiyo katika darasa moja, lile la mwisho kabla ya stoo ya viti vibovu. Alifariki Jumanne iliyopita, asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitano. Narudia: Jumanne iliyopita, asubuhi, miaka sitini na mitano.

Sisi tuliosoma kwake tulimwita Bi Rudia. Ukisoma vibaya, rudia. Ukisoma vizuri, rudia tuone kama hukubahatisha. Siku moja mwenzetu alipiga chafya katikati ya somo, na darasa zima tukageuka kumtazama mwalimu, tukisubiri. Kwa hiyo leo nikirudia rudia mambo, mnivumilie. Ndivyo nilivyolelewa.

Niseme na jingine mapema. Ndani yangu hamna kitu. Nimekaa na habari hii tangu Jumanne na sijisikii chochote. Nimejaribu kulia, ni pua tu iliyoshiriki. Mtayarishaji wa kipindi ananitazama kupitia kioo kama mtu anayetazama maji yaliyogoma kuchemka. Basi sitawafanyia maonyesho ya huzuni. Nitawaeleza tu ilivyokuwa, habari ya Bi Rudia na mwanafunzi wake mmoja.

Mwanafunzi huyo leo ni mwandishi. Ana vitabu viwili. Nilisoma naye darasa moja, yeye dawati la mbele, mimi la nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu za kiusalama. Ameniruhusu kusimulia haya yote. Alisema nisimulie mradi nisipambe. Nitajitahidi.

Tulikuwa kidato cha pili. Bi Rudia alitupa insha: siku ambayo sitaisahau. Sote tuliandika ajali. Mimi niliandika ajali ambayo niliokoa watu wanne. Yeye aliandika siku mama yake aliporudi kutoka hospitali mikono mitupu, bila mtoto waliyekuwa wakimsubiri. Baba yake alikuwa mpaka rangi wa majumba. Alikuwa ameanza kupaka chumba cha mtoto, ukuta mmoja na nusu. Mama aliingia. Baba akachukua brashi, akaendelea. Insha iliishia na sentensi ambayo naikumbuka mpaka leo: "Baba alimaliza ukuta kwa sababu rangi ilikuwa imeshafunguliwa."

Wasikilizaji wapendwa, binti huyo alikuwa na miaka kumi na mitano.

Bi Rudia aliisoma kwa sauti mbele yetu sote, arobaini na wawili. Akamaliza, akavua miwani, akasema mtoto wa kidato cha pili haandiki hivi. Akasema hii imetolewa kitabuni. Binti akauliza, kitabu gani, mwalimu? Bi Rudia akajibu kwamba hilo atalijibu yeye mwenyewe aliyenakili. Akampa sufuri. Hapo hapo, kwa sauti, mbele ya wote.

Na kutoka dawati la nyuma kabisa, karibu na mlango, kuna mjinga alisema: "Fotokopi." Darasa likaanguka kwa kicheko. Mjinga huyo ndiye anayesema nanyi sasa hivi. Jina lile lilimganda binti wa watu miaka mitatu, mpaka tukamaliza shule. Nimeshamwomba radhi. Alisema ameshasahau. Hajasahau.

Jioni ile alipofika nyumbani, alimuuliza mama yake kama siku ile kweli ilitokea. Mama yake ameniambia hivyo wiki hii. "Nilimwambia, ilitokea mwanangu, ukuta si huo hapo? Akaenda akaushika ukuta."

Kesho yake Bi Rudia alimwita ofisi ya walimu. Akamwagiza amimine vitu vyote vya mkoba mezani, asije akawa ameficha karatasi. Kalamu mbili, rula, kitambaa cha mkono, nusu ya kifutio. Akampa karatasi tupu na mada moja: kiti. Akamwambia aandike hapo hapo, mbele ya macho yake, dakika arobaini. Binti akaandika. Bi Rudia akaisoma akiwa amesimama. Akairudia. Kisha akachukua daftari lile la insha, akakata sufuri, akaandika kumi na tisa kwa ishirini.

Binti akauliza, "Mwalimu, utawaambia?"

Bi Rudia akasema, "Alama si nimeshabadilisha?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yote. Sisi darasani hatukuambiwa kitu. Kwetu sufuri ilibaki sufuri, na Fotokopi akabaki Fotokopi.

Sasa hapa ndipo pagumu. Ungetarajia binti amkimbie mwalimu huyo maisha yake yote. Hakumkimbia. Jumamosi iliyofuata alikwenda nyumbani kwa Bi Rudia na karatasi tupu. Alifunguliwa mlango na mdogo wa kike wa Bi Rudia, mshonaji, ambaye alikuwa akiishi hapo na cherehani yake sebuleni. Binti akapita mpaka jikoni, akaketi kwenye meza yenye kitambaa cha plastiki, na kabla hajaandika neno, akaumimina mkoba wake mezani. Wote. Bila kuambiwa. Akasema, "Kagua, mwalimu."

Alifanya hivyo kila Jumamosi. Kwa miaka kumi na minne. Narudia, wasikilizaji: miaka kumi na minne.

Alimaliza shule, akafanya kazi ya kupokea simu katika ofisi ya mabomba, akaolewa, akaachika, na Jumamosi yuko pale. Asipokuwa na jicho la Bi Rudia juu yake, kalamu haitembei. Vitabu vyote viwili viliandikwa kwenye kitambaa kile cha plastiki. Bi Rudia alikaa upande wa pili na kalamu yake, akipokea karatasi moja moja, akifyeka. Sentensi kumi zinaingia, nne zinatoka. Mwandishi mwenyewe anakiri kwamba bila mfyeko ule asingekuwa na kitabu hata kimoja. Anakiri pia kwamba siku nyingine alimchukia mwalimu huyo.

Bi Rudia alimwambia mara nyingi aache mambo ya mkoba. Mara moja aliurusha mkoba nje, ukaangukia kwenye ndoo ya maji ya kudekia. Binti akauokota, akaukamua, akaumimina tena. "Kagua, mwalimu." Mmoja hataki kusema, mwingine hataki kusamehe, na katikati yao vitabu vinaandikwa. Ningekuwa mimi ningehama mji.

Mwezi uliopita Bi Rudia alilazwa. Mapafu. Mwandishi wetu alikwenda wodini Jumamosi, kama kawaida, akaumimina mkoba juu ya shuka. Bi Rudia hakuwa na nguvu ya kugomba. Na ndipo, kwa mara ya kwanza tangu kidato cha pili, binti akauliza tena. Alimwambia kwamba Jumapili ijayo tunakuja kumwona, sisi wa darasa lile, karibu watu kumi na watano. Akamwomba jambo moja tu: atuambie. Tukiwa tumesimama wote, atuambie kwamba insha ilikuwa yake.

Bi Rudia alisema, "Nitasema."

Jumapili ikafika. Nilikuwepo. Tulijaa wodini mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kama kuna mkutano. Bi Rudia alituchangamkia. Alimtambua kila mmoja. Mimi aliniambia ananisikia redioni na kwamba naongea haraka, nirudie. Tukacheka. Mwandishi wetu alikuwa amesimama upande wa miguuni, ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Niliona anavyokishika. Nikadhani amechoka.

Muuguzi akaja, akasema muda umekwisha. Bi Rudia akainua mkono, kama alivyokuwa akiuinua darasani, nasi tukanyamaza, watu wazima na ndevu zetu. Akamwangalia yule binti. Akavuta pumzi. Akasema, "Huyu... huyu anaandika vizuri."

Akaushusha mkono.

Sisi tukapiga makofi kidogo. Tulidhani ni sifa. Mwandishi akageuka, akatoka. Jumanne asubuhi Bi Rudia akafariki.

Tulimuaga Alhamisi kwenye ukumbi wa shule. Mimi niliwekwa kuongoza maneno, kwa kuwa nina sauti na sina kazi Alhamisi. Nilikuwa na vichekesho vitatu vya Bi Rudia mfukoni. Ratiba ikaonyesha kwamba atakayesema kwa niaba ya wanafunzi ni mwandishi. Kila mtu akakaa vizuri. Huyu ndiye wa vitabu, tukasema, leo tutapata maneno.

Alisimama. Hakuwa na karatasi. Akasema: "Kidato cha pili, mwalimu alinipa sufuri mbele ya darasa. Alisema insha si yangu. Ilikuwa yangu."

Akakaa.

Ukumbi mzima ulikuwa unakohoa. Mwalimu mkuu aliangalia saa yake, kisha akaangalia saa ya ukutani, kama vile zinabishana. Mimi nilisimama na kipaza sauti na vichekesho vyangu vitatu na sikuweza kutoa hata kimoja. Niliita anayefuata. Sikumbuki alikuwa nani.

Baadaye, watu walipokuwa wanakusanya viti, nilimwona mdogo wa marehemu, yule mshonaji, anamfuata mwandishi. Nilikuwa karibu. Nilikuwa nimebeba viti. Mama yule hakuwa na hasira. Alikuwa na mshangao.

"Mwanangu, kwani hukujua?" akasema. "Alirudi siku ile aliyokuandikisha ofisini, akakataa kula. Akaniambia, nimempa mtoto sufuri na insha ni yake. Miaka yote hii, ukishatoka tu mlangoni, ananiambia. Jirani yetu anajua. Hata mwenye duka anajua."

Mwandishi akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa mbona hukuniambia, mama mdogo?"

"Nikuambie nini? Nilidhani ndicho mnachoongea humo jikoni kila Jumamosi."

"Tulikuwa hatuongei," akasema mwandishi. "Tulikuwa tunaandika."

Mama yule akamshika kiwiko. Mwandishi hakulia. Nilimuuliza juzi anajisikiaje, akaniambia ni kama meno baada ya sindano ya ganzi: unajua yapo, unajiuma tu bila kuhisi. Nikamwambia na mimi hivyo hivyo.

Nimelifikiria sana lile jambo. Bi Rudia hakuwa mwongo. Alikiri. Alikiri kwa mdogo wake, kwa jirani, kwa mwenye duka, kwa miaka kumi na minne. Alikosea mbele ya watu arobaini na wawili, akatubu jikoni. Kila aliyesikia toba ile hakuwa na haja nayo. Aliyekuwa akiihitaji alikuwa upande wa pili wa meza, anasubiri.

Kwa hiyo, kwa niaba ya darasa letu, na kwa vile mwalimu aliishiwa pumzi kabla hajafika hapo, nawatangazia: insha ya ukuta ilikuwa yake. Aliiandika yeye. Narudia, aliiandika yeye.

Kwa mdogo wa marehemu, pale sebuleni na cherehani yako, pole sana, mama. Kwa wapwa zake na kwa wote waliowahi kuambiwa rudia na mwalimu yule, poleni. Kwa mwandishi wetu, pole. Sijui nikuambie nini zaidi, na nadhani hutaki nipambe.

Na wewe unayenisikiliza. Kama kuna mtu ulimkosea mbele ya watu, na umekuwa ukimsimulia mkeo, mumeo, fundi wako wa viatu jinsi unavyojuta, basi huyo mtu hajasikia. Nenda ukamwambie yeye, na watu wale wale wakiwepo. Usingoje nimalize. Zima redio uende sasa hivi. Mimi sitakasirika. Nitaendelea kuongea peke yangu hapa mpaka saa yangu iishe, na nikigundua hakuna anayenisikia, nitajua leo nimefanya kazi.