Kulikoni, Fundi Bomba na Mwalimu wa Makadeti

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika kota za reli, mtoto wa nne wa mkata tiketi na mama aliyefua mashuka ya hospitali. Dada yake aliyemtangulia kuzaliwa, ambaye yuko nasi hapa, anasema kaka yake alianza kuuliza maswali kabla meno hayajatimia. Akiona watu wawili wamesimama, lazima ajue kulikoni. Basi wakambandika jina hilo hilo, Kulikoni, naye akalibeba hadi uzeeni bila kinyongo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, kisha akaingia chuo cha ufundi, alikohitimu ufundi bomba mwaka 1976. Alitolewa nje ya darasa zaidi ya mara moja, si kwa utundu, ni kwa kuwachosha walimu. "Huyu ukimpa jibu umemchokoza," mmoja wao alimwambia baba yake. Yeye alijitetea kwamba kuuliza si ujinga. Mwaka uliofuata aliajiriwa idara ya maji, akaitumikia hadi alipostaafu mwaka 2012.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na muuguzi wa kliniki ya wajawazito. Walijuana alipokwenda kuzibua sinki la kliniki. Lilizibuka siku ile ile, ila fundi aliendelea kuja kulikagua. "Nilijiuliza sinki gani hili lenye daktari wake," mjane anasema, na hata wiki hii ya msiba amelisema akicheka. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 1994 alijiunga na klabu ya huduma kwa jamii, iliyokutana katika ukumbi wa maktaba. Wanachama walizibua mitaro, walipaka rangi wodi, na kila Jumamosi walifundisha kikosi cha vijana makadeti gwaride, huduma ya kwanza na kuzima moto. Kikosi hicho alikabidhiwa yeye.

Siku ya kufungua zahanati, mbele ya wageni, aliamuru, "Mbele tembea!" Kikosi kikaenda. Mara akaona maji yanachuruzika chini ya ukuta mpya. Ufundi ni ugonjwa, jamani: akachutama kuchungulia yanatoka wapi. Kuinua kichwa, kikosi hakipo! Hakuna aliyewaambia simama, nao walikuwa wamefundishwa wakafundishika. Walitoka getini, wakakatiza soko la mitumba kwa hatua safi, wauza viatu wakawapisha. Walikutwa kituo cha mafuta, wameukabili ukuta, wanapiga hatua papo hapo.

Mwenyekiti wa klabu hakucheka. Alitaka kikosi kivunjwe, kwa kuwa watoto wangeweza kugongwa na gari. Marehemu aliwapenda watoto wale kama wa kuwazaa. Aliwauliza wenyewe kwa nini hawakusimama.

Msichana wa mstari wa mbele akamjibu, "Mwalimu, tulidhani una sababu."

Jibu hilo lilimkaa moyoni. Alikwenda kwenye mkutano wa klabu akaomba mwaka mmoja wa kurekebisha, akapewa, na tangu hapo mazoezi yake hayakuisha mpaka kila kadeti apate nafasi ya kuhoji amri aliyopewa siku hiyo. Wanachama wakakiita kikosi kile bunge. Huku wakikiita hivyo, waliwaleta hapo watoto wao.

Februari 2023 alipatwa na uvimbe kooni, na sauti ikakauka. Aliendelea kwenda uwanjani. Yeye alionyesha kwa mkono, na binti yake mkubwa, fundi umeme, alisimama kando yake akitoa amri. Kila Jumamosi binti alisema, "Wiki hii tu, baba." Klabu nayo ilitangaza kwamba asipopatikana mwalimu wa kudumu, kikosi kitafungwa mwisho wa mwaka huu.

Mwezi uliopita alimwita binti yake kitandani akamnong'oneza, "Utawachukua?" Binti ana kazi ya kupanda ngazi kutwa, ana watoto wadogo. Akamjibu, "Nipe muda, baba." Mtu huyu aliyeuliza kila kitu, hili aliliuliza mara moja tu. Nyumba nzima ilitaka kujua kwa nini hakurudia, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Novemba 2024, mkewe na binti huyo wakiwa kando yake.

Marehemu ameacha mjane, dada, watoto watatu, wajukuu watano, na makadeti waliopanga mstari pale nyuma. Binti mkubwa ameshindwa kusimama kusoma, ila ameomba neno hili lisomwe kabla ya udongo:

Ndiyo, baba. Nitawachukua. Sasa pumzika kwa amani.