Chaji ya Kupandia Mlima: Risala ya Wafagiaji na Wafuaji wa Kituo cha Afya

Mgeni rasmi, ukiona kituo hiki kinang'aa, ujue ni kazi ya mikono yetu; hakuna kona tusiyoifikia. Tuseme kweli tu: kona zote tumezifikia jana mchana, baada ya kusikia unakuja. Karibu sana, baba.

GARI NA DEREVA WAKE

Miaka miwili iliyopita tulipata gari la wagonjwa linalochomekwa kwenye umeme kama simu, na lina tangi la petroli pia. Sisi tulilishangaa. Dereva, mtu mpole tunayemtania kwa jina la Kobe, alilisoma. Akagundua kuwa injini yake ni ndogo. Mlima wa kwenda hospitali kuu haiuwezi bila betri kuisaidia. Basi huku bondeni alitembelea petroli, akabonyeza kitufe cha kuifungia betri, chaji akaibana kama mtu anayebana unga wa mwisho. Mlima ukianza, anaifungulia. Hivyo alifikisha wagonjwa mia na kumi na wanne, wote wakiwa hai.

CHANGAMOTO

Mwezi wa pili mwaka huu, Bwana Katibu wa kituo, huyo aliyeketi kushoto kwako, alitaka taarifa ya kuonyesha kuwa tumepunguza petroli. Akatoa amri: kila safari betri itumike kwanza mpaka iishe, ndipo petroli. Dereva akamfuata ofisini.

"Mzee, nikiimaliza chaji huku bondeni, mlimani nitapanda na nini?"

"Wewe shika usukani. Kufikiri kuna wenyewe."

Akatii.

Wiki ya tatu ya amri hiyo, mwenzetu aliyekuwa akifagia wodi ya wazazi alijifungua salama, kisha damu ikakataa kukatika. Akakimbizwa, mchana kweupe. Betri ikaisha pale mlima unapoanzia. Gari likapanda likikohoa, waenda kwa miguu wakilipita. Dereva anasema mkono wake ulirudi kwenye kile kitufe tena na tena, kama wa mtu anayepapasa mfuko uliotoboka. Mgonjwa akamwita, sauti imekwisha lakini utani bado anao: "Shemeji, nishuke nikusukumie?"

Dereva akacheka ili kumfurahisha. Kwenye kona ya pili alipogeuka, muuguzi alikuwa anamfunika uso.

Dereva amesimamishwa kazi. Imeandikwa kwamba hakulichomeka gari. Sisi ndio tuliochomoa waya asubuhi ile ili tupige deki. Taa ya kijani ilikuwa inawaka, chaji imejaa. Siku hizi hatoki nje. Mkewe anasema anashinda ameketi kitandani, viatu miguuni.

MAOMBI

Mafagio hatuombi, ingawa tuliyo nayo yamebaki vijiti. Tunaomba dereva arudishiwe funguo na jina lake, na chaji ya mlima aachiwe anayeujua mlima. Mtoto hajambo, yuko kwa bibi yake.

Bwana Katibu aliiambia tume iliyochunguza kifo hicho kwamba amri ile haijawahi kuandikwa popote. Jana tena ametuonya tusikusumbue kwa mambo ya kutunga.

Mungu akulinde, mgeni rasmi, akupe njia nyepesi ya kurudia. Sasa tunakukabidhi risala. Stoo walitunyima karatasi, tukaiandika nyuma ya moja tuliyoibandua ndani ya gari, juu ya usukani. Tafadhali igeuze. Mhuri unasomeka vizuri, na sahihi ni ya Bwana Katibu.

Ni sisi,
Wafagiaji na Wafuaji wa Mashuka, Kituo cha Afya cha Bondeni.