Ernestina Mayige, Mwalimu Aliyeifunga Insulini Nira

9 Machi 1963 – 3 Agosti 2025

“Nileteeni mchunga ng’ombe asiyewahi kushika kalamu. Kabla ugali haujaiva nitakuwa nimemfundisha insulini, na atawashinda hawa wanafunzi wangu wote!”

Maneno hayo marehemu Ernestina Mayige aliyasema kwenye kipaza sauti, Alhamisi tarehe 14 Novemba 2019, Siku ya Kisukari Duniani, uwanjani mjini Bariadi, mbele ya mgeni rasmi na wanafunzi sitini wa uuguzi. Wanafunzi waliinamisha vichwa. Walimjua: akishatamba hivyo, mtu lazima apatikane. Na alipatikana. Tutamfikia.

Ernestina alizaliwa tarehe 9 Machi 1963 kijijini Lalago, Maswa, mtoto wa nne kati ya tisa wa mzee Mayige na mama Kabula. Mzee Mayige alikuwa na ng’ombe wengi kuliko maneno. Maneno ya nyumba nzima alikuwa nayo mama, na mtoto akarithi huko.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1971 hapo hapo Lalago, huku akipokezana na kaka zake zamu ya malisho. Mwalimu akiuliza saba mara sita, Ernestina alijibu, “Ng’ombe arobaini na wawili.” Alichapwa kwa sababu ya hao ng’ombe, lakini hesabu ilikuwa sahihi, na wiki iliyofuata akajibu vile vile. Alimaliza sekondari mwaka 1981, akasomea uuguzi Mwanza, na mwaka 1986 akapangiwa kazi ya uuguzi Ipililo. Mwaka 2011, baada ya kupata diploma ya ualimu wa uuguzi, alianza kufundisha chuoni Bariadi, hadi alipostaafu Machi 2023.

Chuoni ndipo alipowafunga ng’ombe wake wa utotoni nira. Insulini ya haraka, ile angavu kama maji ya kisima, aliiita dume kijana: mfungue, nusu saa yuko kazini, baada ya saa sita hadi nane kashachoka kalala. NPH, ile yenye ukungu kama maji ya mchele, ni dume la plau: huamka taratibu, lakini hulima karibu kutwa nzima. Ile ya mchanganyiko ni hao wawili wameshafungwa pamoja kiwandani, usijitie ufundi wa kuwatenganisha.

Vidonge navyo alivipa kazi shambani. Metformin hulainisha udongo ili ng’ombe waliopo walime vizuri. Mgonjwa aimeze pamoja na chakula, la sivyo tumbo litamsimulia habari zake chooni. Glibenclamide ni fimbo: huchapa kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala. Ndiyo maana mzee akiimeza akalala na njaa, asubuhi anakutwa hajitambui.

“Na zizi likiwa tupu?” aliwauliza.

“Unachapa vumbi, Madam!”

“Basi mtoto ambaye kongosho lake halitoi insulini, atakayempa kidonge asiniambie alisoma kwangu.”

Wapo waliosoma kwake wakaishia mwaka wa pili, majina tunayahifadhi, wanaokumbuka somo hilo kuliko hata namba zao za mtihani.

Sasa turudi uwanjani. Baada ya yale majigambo, alisimama mwanamume mrefu mwenye fimbo, akapita katikati ya viti vya wakubwa bila kuomba njia.

“Mwangaluka, mayu,” alimwamkia Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama asubuhi.

“Mwangaluka, bhabha. Jina?”

“Bujiku, wa Sapiwi. Kalamu sijawahi kushika, ila sindano nashika. Ng’ombe wangu wote nawachoma mwenyewe.”

Watu wakashangilia. Ernestina akainua vichupa viwili, akaanza: huyu dume kijana, huyu wa plau. Bujiku alielewa upesi kiasi kwamba wanafunzi waliona aibu. Kisha akakinyooshea kidole kile chenye ukungu.

“Lakini hiki, mayu, mnawapa watu cha nini? Dawa ikiwa na ukungu imeoza. Ya ng’ombe ikiwa hivyo natupa. Hata hii mliyompa mtoto wangu nilitupa.”

Uwanja mzima ukacheka, mgeni rasmi akapangusa machozi. Ernestina hakucheka.

“Ulitupa lini?”

“Wiki iliyopita.”

“Na ile angavu?”

“Iliisha juzi. Ila tusiogope, bibi yake naye ana sukari. Tunampa vidonge vya bibi. Si ugonjwa ule ule?”

“Mtoto ana miaka mingapi?”

“Salu? Tisa.”

“Leo umemwachaje?”

Bujiku akashusha sauti. “Anatapika. Anakunywa maji hatosheki.”

Ernestina aliweka kipaza sauti juu ya meza ya mgeni rasmi, bila salamu wala samahani, akapanda bodaboda na Bujiku nyuma yake. Alisimulia baadaye kwamba njia nzima hakuwaza mtoto tu. Alijiwaza yeye: miaka mingapi amewaambia wazazi “hii angavu, hii ya ukungu”, na hata siku moja hakuwaambia kwamba ukungu huo si uozo. Kwa mfugaji, jambo hilo ndilo la kwanza kusemwa. Kosa lilikuwa la mwalimu.

Walimkuta Salu mkekani, anahema kama aliyekimbizwa, pumzi inanuka matunda yaliyochacha. Bibi yake alikuwa na kidonge mkononi. “Hiki ni cha jioni,” alisema, na alisema kwa upendo. Ernestina alikipokea kwa mikono miwili, akakitia mfukoni, akambeba mtoto. Hospitali waliweka dripu za maji na insulini angavu, dume kijana peke yake, maana kwenye dharura yule wa plau hafai. Siku ya tatu Salu aliketi kitandani, akaomba uji, akalalamika hauna sukari. Ernestina akacheka hadi muuguzi wa zamu akamwomba atoke nje.

Bujiku alirudi Sapiwi na chungu ndani ya beseni la mchanga mbichi, cha kutunzia dawa ibaki baridi. Kile cha ukungu alikiviringisha kati ya viganja polepole, kama alivyoelekezwa, hakukitikisa. Salu yuko hapa leo, ana miaka kumi na mitano, na nyie mnaomkanyaga miguu sogeeni kidogo.

Tarehe 22 Agosti 1992 Ernestina alifunga ndoa kanisani Maswa na Onesphory, bwana shamba kutoka Karagwe. Shemeji alikuja kuwafundisha Wasukuma pamba, akafundishwa yeye kula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Walijaliwa Ansbert, Matilda na Joyness.

Mwaka 2014 yeye mwenyewe aligundulika na kisukari. Alimeza metformin na kuacha vitu vitamu kwa nidhamu, isipokuwa kwenye harusi moja ambapo mwanafunzi wake Goodness alimkuta na soda. “Madam, hiyo ya nani?” “Ya mgonjwa wangu, namshikia.” Mwaka 2024 figo zilianza kuchoka, metformin ikasitishwa, akahamia insulini. Wodini hakuacha kusahihisha. Goodness, sasa muuguzi kamili, alipokuja kumvutia dawa zote mbili kwenye sindano, mgonjwa alifumbua jicho moja: “Anza na angavu, ya ukungu ifuate. Halafu punguza dozi, figo zangu haziitoi upesi siku hizi.” Alikuwa sahihi. Alifariki dunia Jumapili tarehe 3 Agosti 2025 alfajiri.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, ndugu sita na wauguzi ambao hakuna anayejua idadi yao. Mungu ampumzishe mama yetu mahali pema, penye malisho mabichi.

Marehemu aliagiza asiletewe mashada ya maua. Kila Jumamosi watoto kumi na wanane hukutana kwenye kliniki ya kisukari aliyoianzisha Bariadi, Salu akiwa mkubwa wao. Vijiti vya kupimia sukari vilivyobaki ni vya wiki mbili.

Kopo la vijiti hamsini ni shilingi elfu thelathini.