Mama Utepe Aiaga Meza ya Majira ya Kuchipua

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mwenzetu wa sehemu ya uazimishaji, ambaye wasomaji wote humwita Mama Utepe, anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu. Uongozi wa maktaba ulitafuta mtu wa kuandika wasifu wake, kazi ikaniangukia mimi wa dawati la marejeo, kwa kuwa nimekaa mkabala naye karibu muda wote huo. Nimekubali kwa shingo upande. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, nami nitampa yote, lakini mjue mapema kwamba anayeandika ana wivu.

Alianza kwa kugonga mihuri mlangoni. Vitabu vilivyorudi vimelowa chai alivianika dirishani na kuvifunua ukurasa kwa ukurasa, huku akisoma. Mkutubi mkuu wa wakati huo alimkemea kwa kusoma kazini, kisha akagundua kwamba kila msomaji aliyemwuliza neno hakuondoka mikono mitupu. Akamtoa mlangoni, akampa meza moja karibu na ngazi na kumwambia aweke anachotaka.

Akaweka sikukuu. Majira ya kuchipua yanapoingia, watu duniani huyapokea kila mmoja kwa namna yake: wapo wanaorushiana rangi barabarani, wapo wanaomwagiana maji, wapo wanaoruka moto, na wapo wanaofagia nyumba nzima hadi uvunguni ili mwaka mpya ukute pasafi. Mtu mwingine angepanga vitabu vya picha za sherehe hizo, na kwa kweli mimi ndivyo nilivyoshauri. Yeye alitazama watu wanafanya nini siku hiyo, kisha akatafuta riwaya ambamo mtu anafanya jambo hilohilo kwa sababu zake. Kwa sikukuu ya kufagia alipendekeza hadithi ya ndugu wawili wanaohamisha vyombo vya marehemu baba yao bila kusemeshana. Kwa ile ya moto, mwanamke aliyeacha kazi ya benki akaenda kushona nguo. Kwa ile ya maji, fundi bomba. Kila kitabu alikifunika kwa karatasi, akakifunga utepe: mwekundu wa moto, wa buluu wa maji, wa njano wa ufagio. Ukimwuliza zaidi, alikwambia ukasome.

Mwalimu mmoja aliyechukua kile cha fundi bomba alirudi amenuna, akidai ameahidiwa sherehe na kupewa mifereji. Mama Utepe alimsihi afike pale maji yanaporudi mtaani na majirani wanatoka na ndoo. Wiki iliyofuata mwalimu alikuja na majirani zake wa kweli, kila mmoja akitaka utepe wa buluu.

Kizuri chajiuza. Idadi ya wanachama iliongezeka, maktaba za shule zikaja kuiga, na mwenzetu akapewa tuzo ya mfanyakazi bora mara tatu. Nami nikapiga makofi mara zote tatu, na mikono iliniuma.

Upande wangu, penye kamusi na ramani, pamekuwa pamepoa. Wanaonijia wengi huuliza choo kiko wapi. Mama mkwe wangu alikuja siku moja kunisalimu, akapitia meza ya mwenzangu kuangalia tu, akaondoka na utepe mwekundu bila hata kuniaga. Mke wangu, ambaye mimi ndiye humpelekea vitabu nyumbani, humpigia simu Mama Utepe kumwuliza nipeleke kipi. Mlinzi alichaguliwa kitabu. Fundi wa umeme alichaguliwa akiwa bado juu ya ngazi. Mimi, miaka yote hiyo, sikuchaguliwa hata kimoja, na hilo ndilo lililoniuma kuliko tuzo. Kila alipoanza kufunga tepe nilijipitisha karibu na meza yake nikikohoa. Alinipa pole ya kikohozi, akaendelea kufunga.

Nilikuwa pia na lalamiko la kikazi, na wenzangu mmelisikia vikaoni hadi mkachoka. Vitabu nilivyomaliza kusoma na kuviweka kwenye toroli ya marejesho vilikuwa vikitoweka kabla ya kurudi rafuni. Nililaumu wafagizi, nikalaumu wanafunzi wa mafunzo, na mwaka mmoja nikalaumu upepo.

Jumatatu iliyopita alinikabidhi ufunguo wa kabati la tepe, kwa kuwa uongozi umeamua meza ile niishike mimi. Nilikuwa nimeitamani kwa muda mrefu, lakini nilipoushika ule ufunguo lililonijia ni lile moja. Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kunichagulia kitabu.

Alishangaa kama mtu aliyeulizwa jina lake. Akasema angenichagulia nini, na mimi ndiye niliyekuwa nikimchagulia. Wale ndugu wawili, yule mwanamke wa benki, yule fundi bomba, wote aliwatoa kwenye toroli baada yangu. Alikuwa akiniangalia tu: nikisoma hadi nikasahau chai ikapoa, alijua kitabu hicho kinafaa meza yake. Akaongeza kwamba siku zote alidhani najua, maana katika jengo zima ni nani mwingine angeazima hadithi ya fundi bomba.

Kwa hiyo wivu wangu haujaisha, umehama tu. Zamani niliwaonea wivu wanaochaguliwa vitabu. Sasa namwonea wivu yule mtu wa dawati la marejeo aliyekuwa akiangaliwa hivyo kila siku wala asijue. Nina ufunguo, nina tepe za kila rangi, na kuanzia Jumatatu ijayo hakuna atakayeijali chai yangu.

Amekataa zawadi ya saa ya ukutani. Ameomba kitabu kimoja, na ameomba nimchagulie mimi. Nimekimaliza jana, nimekifunga utepe wa kijani, rangi ambayo hakuwahi kuipa sikukuu yoyote. Fundo limekaa upogo, atanisamehe.

Mama Utepe, ahsante kwa kazi yako na kwa macho yako. Wenzako wote tunakuombea afya, wajukuu watulivu na kiti kizuri cha kusomea. Ukikifungua hicho kitabu, usisimame kwa lolote. Chai ikipoa, ipoe.