Sanduku la Tindo Lisifike Salamabila

Bismillahi. Sogeeni, wanangu, Faradji kaa upande huu na Djamila upande huu, na wewe Grégoire usijifiche nyuma ya pazia, nimesikia pikipiki yako ikizima hapo nje. Ingia, mchuuzi wa tindo zetu, usikie mwenyewe, maana mimi Alimasi, mfua chuma wa Kasongo, sifi kimya ili nikufurahishe.

Asubuhi mmenishauri nipumzike na nisitaje jicho la Pacifique. Nitalitaja. Kijana yule alikuwa anapasua jiwe kule machimboni Salamabila kwa tindo yenye alama yetu, tindo ikavunjika, kipande kikamwingia jichoni, na jicho hilo halitaona tena. Grégoire anasema, "Chuma ni chuma, mzee, Mungu ndiye hupanga." Usimsingizie Mungu, bwana. Pacifique aliniletea kipande kilichobaki, nikatazama pale kilipovunjika: chembe kubwakubwa zinazong'aa kama chumvi ya mawe. Chuma kilichopikwa vizuri, ukikivunja, ndani ni kijivu na laini kama majivu yaliyochekechwa.

Kosa nalijua. Faradji, uliutoa moto katika kibanda changu cha giza ukauweka barabarani, juani, ili wapita njia waone kazi. Nilipokataa ukasema mbele ya wateja, "Baba anafua kama popo." Wakacheka, nami nikakutolea tusi ambalo mtu anayesali hapaswi kumtolea mwanawe, kwa hilo naomba Mungu anisamehe, na wewe pia. Lakini juu ya giza sirudi nyuma. Juani wekundu wa chuma hauonekani, unadhani bado, unazidi kuvuta mivukuto, kumbe kimepita kiasi na chembe zake zimevimba ndani. Kisha ukakizamisha katika maji baridi, kwa sababu Grégoire anahimiza na mawese hutaki kuyatafuta. Hiyo ni resori ya kamio, springi ya lori, haipendi maji, inapata ufa mwembamba kama unywele. Inataka mawese ya vuguvugu, halafu uisugue ing'ae, irudi karibu na moto kidogo, uangalie rangi zikitembea juu yake, manjano, kahawia, na inapofika zambarau kama ganda la bilinganya unaiondoa. Ukiruka hatua hiyo inabaki ngumu kama kioo, na itavunjika kama kioo.

Basi sikilizeni. Nyumba na shamba ni vyenu kwa mafungu ya dini, shehe atagawa. Lakini kile chuma kidogo cha kugongea alama yetu si urithi, nakitoa leo nikiwa hai, nampa Djamila. Pokea, binti yangu. Mnaguna, guneni. Mtasema mwanamke hasimami mbele ya fuawe. Huyu amevuta mivukuto gizani tangu hajaolewa, na kila aliponiambia "baba, toa sasa," ilikuwa sasa kweli. Faradji, mkono wako una nguvu kuliko wangu ulivyokuwa. Wewe utafua, dada yako ataangalia rangi, na asiporidhika hakuna alama.

Lile sanduku la tindo mlizofua juani liko barazani, limefungwa kamba tayari kwenda Salamabila, na Grégoire anajua desturi yetu, kwamba fundi akifa nyundo hunyamaza mpaka matanga yaishe. Ninyi mkilia, yeye atapakia aende. Desturi hiyo kwangu naikataa. Nioshwe, nisaliwe, nizikwe upesi, na mkitoka makaburini msikae mkekani, washeni moto kibandani. Zenye ufa mzikate vipande. Zisizo na ufa zipashwe mpaka wekundu unaotosha, zipoe zenyewe hewani, mrudie tena, ndipo ziingie mawese na kurudishwa karibu na moto mpaka zambarau, na kila moto mmoja mvunje tindo moja mtazame ndani. Grégoire, ukitaka kunishtaki kwa kuzuia mzigo wako, nishtaki, nitakakokuwa unakujua.

Maji… asante, Djamila. Kifua kimebana. Mungu awape riziki isiyomtoa mtu jicho. Awape kusikilizana, ninyi wawili… Pacifique mwendeeni, msimwendee na kisingizio kwamba jiwe lilikuwa gumu, mwambieni tulikosea sisi.

Faradji, usilie hapa. Usingoje mpaka nife. Nenda barazani ukate ile kamba sasa, nikiwa… nikiwa bado nasikia.