Kikombe cha Tano kwa Bening

Benchi la kwa Aling Bening, mama mwenye duka la kahawa, liko katikati ya makaburi na mji, na kazi yake ndiyo hiyo. Kwetu Batangas mtu akitoka kuzika haendi moja kwa moja nyumbani. Lazima asimame mahali, anywe kitu, amkung'ute marehemu asije akamfuata mpaka chumbani. Mji mzima unakung'utia hapa, na sisi tunaoshinda hapa tumewazoea wafu kama majirani. Ubao wenyewe haujapigwa msumari hata mmoja. Umelazwa tu juu ya matofali, ncha zote mbili ziko hewani, moja upande wa ukuta wa duka, nyingine upande wa barabara. Wa ukutani akiinuka bila kuaga, wa barabarani anakwenda chini. Asubuhi ile tulikuwa tumetoka kumzika Rommel, mwanajeshi wa kudumu, miaka ishirini na sita. Meja alikaa barabarani, Kulot katikati, mimi juu ya kreti la soda. Ukutani hakukaa mtu. Siku ya maziko tunapaacha, kwa adabu.

Ningning, mdogo wake marehemu, alikuwa kwenye ngazi ya duka na fomu mkononi. Jeshi lilikuwa limempa nafasi ya kaka yake, akiitaka. Visanduku viwili tu: Kudumu, Akiba. Gari la waandikishaji linaondoka saa sita. Upepo uliipeperusha ile fomu mara mbili, mpaka Bening akaichukua, akaiweka ukutani mwisho wa ubao na kuikandamiza kwa kikombe cha tano. Hicho humjazia marehemu kila mara, kahawa mpaka pomoni.

— Akiba, binti yangu, akasema Meja. Huyu anauza mkaa. Cheo tulimpa sisi. — Jumamosi na Jumapili unapiga kwata, Jumatatu umerudi zako kazini kiwanda cha barafu, jioni unakula na mama yako. Mimi nimekuwa akiba, najua.

— Jumamosi mbili! Ya tatu ukasingizia tumbo, akasema Kulot. Ni kinyozi. Kulot maana yake mwenye nywele za mawimbi, na hizo zilishapukutika zamani.

— Liliuma kweli.

— Iliyokuuma ni bunduki. Ningning, usimsikilize mwuza mkaa. Wa kudumu ana mshahara. Wa kudumu anazikwa na bendera, si umeona leo? Wa akiba akifa atafunikwa nini, leso?

— Hafi! Hapo ndipo hujui. Kifo kina daftari, na wa akiba wameandikwa kwa penseli.

— Wewe daftari la kifo umeliona wapi?

— Wiki niliyougua lile tumbo.

Nilicheka peke yangu. Ningning hakucheka.

— Mama anasema niende wa kudumu, akasema. — Paa linavuja, na Rommel ndiye alikuwa anatulisha. Akishasema hivyo anageukia ukutani analia nisiende. Nimebaki mimi tu. Jamani, niambieni moja.

Hapo ungetegemea watu wazima waseme neno la maana. Thubutu.

— Mimi nitakwambia, akasema Kulot. — Tazama hata wakishakufa. Wa akiba wanatokea mwisho wa wiki tu. Si mnamkumbuka Mang Tonyo, wa akiba yule? Siku za kazi nani amewahi kusikia kikohozi chake hapa?

Nilitaka kumzomea. Halafu nikakumbuka Jumamosi iliyopita, nanunua mkate hapa hapa, mtu akakohoa nyuma yangu kile kikohozi cha Tonyo cha vipande vitatu. Nikageuka, hamna mtu. 

— Na wa kudumu je? akauliza Ningning.

Kulot akashusha sauti.

— Wa kudumu hawana likizo. Wako hapa kila siku. Wanajipanga kwa vyeo, na mgeni anakaa mwisho kabisa, ukutani.

— Kulot, funga mdomo, akasema Bening. — Dada yake huyu.

— Lakini ubao leo umetulia, akasema Meja. — Mmeona? Siku nyingine ukutani pakiwa patupu, mimi huku mwisho naning'inia kama ndoo.

 Nilitazama kahawa yangu, nikaona bora nisiangalie ukutani.

Ndipo akaja yule askari aliyelisindikiza jeneza kutoka kusini, Koplo Hasim, buti zimejaa udongo wa kaburi. Kwao hawana mila hii. Bening akampa kahawa, akamweleza: unakaa kidogo, unamwacha marehemu hapa, ndiyo unaenda zako.

— Wote mnamwacha hapa?

— Wote, akasema Meja. — Hata gari lililombeba mama yake lilisimama hapa, dereva hakuzima hata injini.

Koplo akanywa kidogo. Alikuwa mpole, alitaka kujua tu.

— Basi nani humpeleka kwao?

 Kulot akakuna kipara. Miaka arobaini nakaa hapa na swali hilo halijawahi kunijia, na niliona aibu, aibu ya kweli, maana mama yule nyumbani, kama mila ilivyo, alikuwa ameshapakua sahani ya mwanawe.

Ningning alikwenda ukutani akainua kikombe. Kilikuwa kitupu. Bening alikuwa amekijaza mbele ya macho yetu, na hakuna aliyekigusa. Chini yake, kwenye fomu, kikombe kilikuwa kimeacha duara la kahawa, safi kabisa, limezunguka kisanduku cha Akiba.

— Kilikaa juu, kwenye jina, akanong'ona Bening. — Mimi nilikiweka juu.

Ningning alilifuata lile duara kwa kidole. Akaomba kalamu kwa Koplo, akatia alama ndani yake, akaikunja fomu, akamkabidhi Koplo aipeleke kwenye gari la waandikishaji. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti ilikuwa imara.

— Kaka Rommel, akasema, anatazama mwisho wa ubao. — Inuka, twende nyumbani. Mama amepakua.

Ubao ukaruka upande wa ukutani. Meja akaenda chini na kahawa yake yote, Kulot juu yake.

Hakuna aliyecheka. Koplo Hasim alikuwa amesimama wima, mkono kwenye kofia. Ningning alishashika barabara ya kwao, anatembea pembeni kabisa, karibu aingie mtaroni, vile mtu anavyotembea akimwachia mwenzake nafasi.