Kavindu, Mpishi Aliyemwombea Bosi Msaada

Baada ya miaka ishirini na sita jikoni, Bi. Kavindu Mbithi anastaafu tarehe 30 Juni. Ukimwona akitembea Nunguni bila mwiko mkononi, usishtuke, ni yeye.

Alianza na sufuria moja na jiko la mawe matatu, akiwapikia uji wazee na watoto wanaosaidiwa na shirika letu. Uji wake ulikuwa mzito, na maneno yake mazito zaidi. Aliyesukumana kwenye foleni yake hakurudia.

Tatizo lilikuwa mshahara. Mwaka wa ule ukame mkali, akishamaliza kupika alivua aproni, akazunguka nje, akapanga foleni na maskini wengine. Tena alimgombeza askari wa lango aliyemshikia upawa akigawa uji mahali pake, eti anampimia kidogo. Tulicheka sana, ingawa wengi wetu tulikuwa kwenye foleni hiyo hiyo, nyuma yake.

Kila tulipoomba nyongeza, mkurugenzi wa wakati huo, Bwana Kyule, alitukumbusha kwamba kazi ya huruma haifanywi kwa ajili ya pesa, na kwamba shirika halina kitu. Kavindu akamwamini. Jumapili moja wazee wa kanisa walipouliza ni nani ana shida asaidiwe, alisimama akamtaja Bwana Kyule.

Watu wa Nunguni hawana mchezo na mtu mwenye njaa. Jumatatu walifika ofisini wakiimba, wamebeba kabeji, nusu gunia la mahindi na jogoo wawili. Mjane mmoja alirudisha pakiti ya unga tuliyompa sisi wenyewe, akisema bosi aanze na hiyo. Kumbe siku hiyo wafadhili walikuwa wametutembelea. Bwana Kyule alijaribu kuwaeleza kwamba hivyo ndivyo wageni wanavyokaribishwa kwetu, lakini mzee wa kanisa alikuwa ameshamwekea mikono kichwani, akimsihi Mungu asiiache familia yake ilale njaa. Aliomba kwa Kikamba, halafu kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza ili wageni wasipitwe. Mwezi uliofuata mishahara ilipanda, ya mpishi, ya askari na ya wafagiaji.

Wiki iliyopita kamati ilimwambia kwamba tumemnunulia mbuzi. Badala ya kushukuru, aliuliza kama kiinua mgongo chake kimeingia benki. Kiliingia Jumanne.

Haya basi, Kavindu, chukua mbuzi kwa roho safi, kwa sababu jasho lako tumelilipa, na huyu ni zawadi. Asante kwa kutusemea. Tunakuombea afya, siku njema, na mtu wa kukupikia wewe.